Barua ya wazi kwa wanaosimamia mahakama za watoto: faili lifunguliwe kwanza, ndipo aulizwe mtaalamu

Waheshimiwa majaji na mahakimu wa mahakama za watoto,
Waheshimiwa mawaziri wa sheria na wa afya,
Ndugu wakurugenzi wa hospitali na wakuu wa ustawi wa jamii,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mtunza kumbukumbu za wagonjwa. Si daktari wala si wakili. Mahakama inapoandika kwamba inataka kumbukumbu za mtoto fulani, barua hiyo hushuka kutoka ofisi hadi ofisi mpaka inatua mezani kwangu. Mimi ndiye ninayelitafuta faili, nikalitoa nakala, nikagonga muhuri na kuitia nakala kwenye bahasha. Kwa hiyo nayajua mambo mawili ambayo huenda ninyi hamyaoni kutoka mlipokaa: kilichoingia kwenye bahasha, na kilichobaki rafuni.

Naandika kuhusu kilichobaki rafuni.

Mashauri ninayoyazungumzia ni yale ambayo serikali, kupitia ustawi wa jamii, inaiomba mahakama imwondoe mtoto mikononi mwa wazazi wake kwa sababu inaaminika ameumizwa au yuko hatarini. Haya si mashauri ya jinai. Hakuna anayetakiwa kuthibitisha jambo bila kuacha shaka. Inatosha hakimu aone kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa lilitokea kuliko kwamba halikutokea. Mara nyingi hakuna aliyeshuhudia, mtoto mwenyewe hajaanza kusema, na mzazi anaapa kuwa hajui. Anayebaki ni daktari. Rai yake ndiyo inayobeba shauri zima, na rai hiyo haiwezi kuwa nzuri kuliko karatasi alizopewa asome.

Ninachoomba ni kimoja. Jaji au hakimu aamue mapema, kwa maandishi, ni kumbukumbu zipi ziletwe mezani. Mtaalamu asitoe rai kabla hajazisoma zote. Na mzazi naye awe ameziona kabla ya kuulizwa maswali juu yake. Mahali pengi utaratibu umegeuzwa miguu juu: rai inatangulia, karatasi zinafuata, na zipo zinazofika mtoto akiwa ameshahamishiwa kwa watu wengine.

Niwaonyeshe jinsi jambo hili linavyotokea bila mtu yeyote kusema uongo. Chukueni mtoto wa miezi minane aliyeanguka kitandani saa mbili usiku. Mama anafika mapokezi saa tatu kasorobo, na muuguzi anaiandika saa hiyo kwa kalamu pembeni mwa joto na uzito wa mtoto. Foleni ni ndefu. Daktari anamwona saa nne na nusu, eksirei inapigwa saa tano, kitanda wodini kinapatikana saa nane usiku. Wodini wanaandika tarehe ya kulazwa, na kwa kuwa saa sita ya usiku imeshapita, ni tarehe ya siku iliyofuata. Mtoto anaporuhusiwa, muhtasari wa kuruhusiwa unaichukua tarehe ya wodini. Mahakama ikiomba "taarifa ya daktari", kinachotoka ni muhtasari huo wa ukurasa mmoja. Mtaalamu anausoma: kaanguka tarehe tano, kalazwa tarehe sita. Anaandika kwamba mzazi alichelewa kutafuta matibabu, na kuchelewa kutafuta matibabu ni moja ya dalili anazofundishwa kila daktari anayeshughulika na ulinzi wa watoto. Karatasi ya mapokezi ipo. Imebanwa kwa pini nyuma ya fomu ya malipo, na hakuna aliyeiomba.

Muhtasari wa kuruhusiwa uliandikwa ili daktari atakayemwona mtoto wiki ijayo ajue ampe dawa gani. Haukuandikwa kwa ajili ya mahakama, na aliyeuandika huenda alikuwa daktari wa zamu aliyekuwa na wagonjwa wengine wengi wakimsubiri. Kuufanya nguzo ya shauri ni kumwonea yeye na kumwonea mtoto pia.

Faili zima lina nini basi ambacho muhtasari hauna? Lina mambo mengi, na yaliyo muhimu kabisa mara nyingi ni yale yaliyoandikwa kabla hakujawa na tuhuma yoyote, na watu wasiokuwa na upande. Kumbukumbu za kujifungua ni mfano. Watoto wengi wenye ngozi nyeusi huzaliwa na mabaka ya rangi ya bluu-kijivu kiunoni na makalioni, ambayo hufifia kadiri wanavyokua. Kwa jicho lisilozoea yanafanana na michubuko. Mkunga aliyeandika mstari mmoja siku ya kuzaliwa, "mabaka kiunoni na bega la kushoto", amefanya kazi ambayo mtaalamu hawezi kuifanya miezi sita baadaye. Ukurasa huohuo unaonyesha kama mtoto alichomwa sindano ya vitamini K, kwa kuwa asiyeipata anaweza kuvuja damu wiki kadhaa baadaye, hata ndani ya kichwa, bila kuguswa na mtu. Unaonyesha pia kama alivutwa kwa kifaa wakati wa kuzaliwa. Watafiti waliowapiga watoto wachanga wazima picha za MRI wamewakuta baadhi yao na damu kidogo chini ya utando wa ubongo, iliyotokana na kuzaliwa tu, na kwa kawaida ikatoweka yenyewe katika wiki au miezi michache.

Kuna kadi ya kliniki yenye mstari wa ukuaji, inayoonyesha ni lini uzito ulianza kushuka. Kuna vipimo vya damu vilivyoagizwa na majibu yake hayakubandikwa. Kuna historia ya familia: mjomba mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, bibi aliyevunjika mifupa mara kwa mara tangu utotoni. Na kuna picha zenyewe za eksirei. Hapa nasisitiza, kwa sababu mahakama huletewa maandishi ya aliyezisoma usiku ule badala ya picha. Mtaalamu anayetoa rai juu ya mfupa uliovunjika anatakiwa auone mfupa. Nchini Uingereza mwongozo wa madaktari unataka picha za mifupa za mtoto anayeshukiwa kuumizwa zirudiwe baada ya siku 11 hadi 14, kwa sababu mbavu iliyovunjika leo huenda isionekane mpaka ianze kuunga. Kama picha za pili hazikupigwa, mahakama inapaswa kulijua hilo kabla ya mtu kusimama na kusema mvunjiko una umri gani. Vivyo hivyo kwa rangi ya michubuko. Bado nasoma ripoti zinazosema chubuko la njano ni la siku nne na la bluu ni la jana, ilhali tafiti zimeonyesha kuwa rangi haiaminiki kwa kazi hiyo.

Waheshimiwa, wengi wenu mmesikia habari za Sally Clark, wakili wa Uingereza aliyefiwa na watoto wawili wachanga na kuhukumiwa mwaka 1999 kwa kuwaua. Ile ilikuwa kesi ya jinai, lakini somo lake ni la mahakama zote. Kila anayeisimulia husimulia ile namba: daktari bingwa wa watoto aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni 1 katika milioni 73. Aliipata kwa kuzidisha 1 katika 8,543 kwa namba hiyohiyo, kana kwamba vifo vya ndugu wawili wa damu havihusiani hata kidogo. Chama cha wanatakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kilipinga hadharani mwaka 2001. Ni kosa la kukumbukwa, sikatai. Ila lililomfungulia mlango wa gereza mwaka 2003 lilikuwa karatasi ya maabara. Majibu ya vipimo vya mtoto wa pili yalionyesha bakteria wa Staphylococcus aureus sehemu kadhaa mwilini, hata kwenye maji ya uti wa mgongo, yaani huenda alikufa kwa maambukizi. Mtaalamu wa patholojia aliyemchunguza mtoto alikuwa na majibu hayo tangu mwanzo. Mawakili wa utetezi hawakupewa, na madaktari wengine waliotoa ushahidi hawakuyaona. Namba mbovu inaweza kupingwa na yeyote anayejua hesabu. Karatasi usiyojua kwamba ipo utaipinga vipi?

Katika mashauri ya watoto kuna jambo baya zaidi, kwamba uamuzi ukishakomaa haurudi nyuma. Familia moja ya Norfolk, Uingereza, ilinyang'anywa watoto watatu baada ya mmoja wao kukutwa na mivunjiko kadhaa midogo ya mifupa mwaka 2003. Watoto wakapangiwa wazazi wengine kisheria. Baadaye wataalamu wengine walisema mivunjiko ile huenda ilitokana na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C: mtoto alikuwa na shida ya kula na kwa muda mrefu aliishi kwa maziwa ya soya. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani iliwasikiliza wazazi, ikawaonea huruma, na ikakataa kuzitengua amri za kuasili kwa sababu muda ulikuwa umepita mno. Alichokula mtoto kila siku ni jambo linalojulikana na mama, na muuguzi wa kliniki, na daktari wa mtaani. Halipo kwenye eksirei.

Mtaniuliza: je, huyu anataka mahakama iwaachie watesaji? La hasha. Faili lililofungwa huua watoto pia. Victoria Climbié aliyetoka Kodivaa alifariki London mwezi Februari 2000 akiwa na umri wa miaka 8, mwili ukiwa na majeraha 128. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa amelazwa katika hospitali mbili tofauti ndani ya majuma mawili. Ya kwanza waliamua ana upele, na ulinzi wa polisi ukaondolewa. Ya pili alipokewa akiwa ameungua kwa maji ya moto, na baadhi ya wauguzi waliziona alama zilizowatia wasiwasi. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti yake mwaka 2003, ulikuta kumbukumbu zilizoandikwa nusunusu, dalili ambazo wauguzi waliziona na hazikuandikwa, na taarifa ambazo hazikuvuka kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mtaalamu mmoja akiwa na karatasi zote mkononi angeona mtoto yuleyule, majeraha tofauti, na maelezo yasiyolingana. Faili zima ndilo linalomwokoa mtoto aliyepigwa, na ndilo hilohilo linalomsafisha mzazi asiye na hatia. Anayeliogopa faili zima, awe upande wa serikali au upande wa mzazi, aulizwe kwa nini.

Sasa nije kwenye lango. Nani aamue kipi kitoke?

Leo, mahali pengi, anaamua mwenye faili. Hospitali huamua itoe nini. Ustawi wa jamii huamua wamwonyeshe nini mzazi. Wote wana nia njema, na wote ni sehemu ya shauri, maana wao ndio waliotoa tuhuma. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililiona hili mapema. Mwaka 1995, katika shauri la McMichael dhidi ya Uingereza, wazazi wa Scotland walikuwa wameambiwa kwa ufupi tu yaliyomo kwenye ripoti zilizokuwa mikononi mwa walioamua hatima ya mtoto wao, bila kupewa wazisome. Mahakama ikasema hawakutendewa haki.

Shauri la pili la mahakama hiyohiyo, iliyoko Strasbourg, TP na KM dhidi ya Uingereza, lililoamuliwa mwaka 2001, lingetakiwa lisomwe na kila afisa ustawi wa jamii siku ya kwanza kazini. Mtoto wa kike wa miaka minne alihojiwa mwaka 1987 mbele ya kamera kuhusu nani aliyemdhulumu. Akataja jina. Jina hilo lilikuwa pia la mwanamume aliyekuwa akiishi na mama yake, na waliomhoji wakaamini ni huyo. Mtoto akaondolewa kwa mama. Mama akaomba kuona mkanda wa video na hakupewa. Ulipita karibu mwaka mzima ndipo mawakili wake wakaona maandishi ya mahojiano, na ndani yake mtoto alikuwa amesema kwamba huyo aliyemtaja alishafukuzwa nyumbani. Alikuwa mtu mwingine, jamaa wa mama aliyewahi kuishi pale. Hoja ya majaji wa Strasbourg ndiyo hoja yangu: hawakusema kila kitu apewe kila mtu papo hapo. Walisema swali la kutoa au kutotoa mkanda ule lilitakiwa lipelekwe haraka mbele ya mahakama iliamue, badala ya kubaki mikononi mwa mamlaka iliyomchukua mtoto.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 9, unataka wahusika wote wapewe nafasi ya kushiriki na kueleza maoni yao pale mtoto anapotenganishwa na wazazi. Nchi karibu zote duniani zimeuridhia. Kushiriki bila kuona karatasi ni kushiriki kwa jina.

Na bado kuna upande wa pili wa lango, ambao watetezi wa wazazi hawapendi kuuzungumza na watetezi wa watoto huusahau. Si kila karatasi inayoombwa inastahili kutoka. Barua ninazozipokea mara nyingi huandikwa hivi: "leteni kumbukumbu zote za mtoto na za mama." Zote. Maana yake mimba iliyoharibika akiwa msichana, majibu ya kipimo cha VVU, maneno aliyomwambia mshauri nasaha kuhusu alichofanyiwa na baba wa kambo miaka ishirini iliyopita. Vitu hivi vikishatolewa nakala vinasomwa na wakili wa serikali, wakili wa baba, afisa ustawi, karani wa mahakama, na mwishowe mume aliyekimbiwa kwa kipigo anaketi navyo mezani akitafuta pa kumchomea mkewe. Kuna wakati barua inasema niondoe "yasiyohusika", na hakuna aliyeniambia kinachohusika ni kipi. Hapo nabaki na kalamu nene ya wino mweusi mkononi, mimi karani wa masjala, nikiamua mstari upi jaji ausome na upi asiuone. Kazi hiyo si yangu, na msiniachie.

Mwaka 1997, katika shauri la Z dhidi ya Finland, mahakama hiyohiyo ya Ulaya ilikubali kwamba kumbukumbu za matibabu zinaweza kutumika mahakamani bila ridhaa ya mgonjwa pale haja inapokuwa kubwa. Lakini ikaona kwamba kutaja utambulisho wa mwanamke aliyeleta shauri lile na hali yake ya VVU katika hukumu, na kuzifanya nyaraka za shauri ziwe siri kwa miaka 10 tu, kulivuka mpaka. Sababu waliyoitoa inamgusa kila anayefanya kazi hospitalini: mgonjwa akipoteza imani kwamba siri yake italindwa, ataacha kuja. Naiona hofu hiyo. Mama aliyejifungua juzi, ambaye hapati usingizi na anawaza mawazo ya giza, anamkatalia muuguzi kwamba hana shida yoyote. Amesikia mtaani kwamba ukisema, wanaandika, na wakiandika, wanakuja kumchukua mtoto. Kila mara tunapomwaga faili zima la mama mahakamani bila kuchuja, tunamthibitishia mwenzake aliyeko kliniki kwamba alifanya vizuri kunyamaza. Kisha huyo hatibiwi, na mtoto wake ndiye anayelipa.

Kwa hiyo ninapodai faili zima nadai faili zima la jambo linaloamuliwa. Mifupa ikiwa ndiyo suala, zije kumbukumbu zote za mtoto tangu mimba, picha zote, vipimo vyote, na historia ya kifamilia ya mifupa na damu. Siri za mama za ujanani zibaki mahali pake mpaka mtu amweleze jaji, kwa maandishi, zinahusiana vipi na mfupa huo. Jaji asome mwenyewe kwanza akiwa faraghani, aamue, aandike sababu. Tena mtoto aliyekua, wa miaka kumi na mitatu au kumi na mitano, aulizwe naye kabla aliyomweleza mshauri wake hayajasomwa na wazazi wote wawili. Faili ni lake kabla halijawa la mtu mwingine.

Kuhusu wataalamu wenyewe nina machache, kwa kuwa mengi yameshaandikwa na wanaojua zaidi. Kanuni ambazo mahakama za Uingereza hutumia kuwabana mashahidi wataalamu zilitokana na kesi ya meli, Ikarian Reefer, iliyopanda mwambani pwani ya Sierra Leone mwaka 1985 na kuwaka moto. Jaji alikuwa anaamua bima, si malezi. Hata hivyo alisema mwaka 1993 kitu ambacho kinafaa kubandikwa kwenye kila mlango wa mahakama ya watoto: mtaalamu anawajibika kwa mahakama, si kwa anayemlipa, na anapaswa kusema wazi pale swali linapokuwa nje ya fani yake au pale taarifa alizo nazo hazimtoshi kutoa rai kamili. Hilo la mwisho ndilo ninalolikosa katika ripoti. Ningependa kila ripoti ianze na orodha ya nyaraka zilizosomwa, na ifuatiwe na orodha ya zile zilizoombwa na hazikupatikana. Ukurasa mmoja tu. Hakimu akiuona ukurasa huo atajua anasimama juu ya mwamba au juu ya mchanga.

Msimchanganye pia daktari aliyemtibu mtoto na mtaalamu wa mahakama. Aliyemtibu aeleze alichokiona na alichokifanya. Ikiwa yeye ndiye aliyepiga simu ustawi wa jamii, na alifanya vyema kupiga, asiwe yeye tena wa kuiambia mahakama kwamba shaka yake ilikuwa sahihi. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2014, ushahidi wa mtaalamu hauingii katika mashauri haya bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hutolewa pale tu ushahidi huo unapokuwa wa lazima. Naukubali utaratibu huo, mradi "lazima" isipimwe kwa bajeti.

Na maabara nazo ni wataalamu. Katika hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, maabara iliyoitwa Motherisk ilipima nywele za wazazi kutafuta pombe na dawa za kulevya. Kati ya mwaka 2005 na 2015 ilipima zaidi ya watu 16,000 kwa ajili ya mashauri ya ulinzi wa watoto. Jaji mstaafu Susan Lang alipoichunguza mwaka 2015 alikuta vipimo vile havikufikia viwango vya kutumika mahakamani: majibu ya kipimo cha awali yalichukuliwa kuwa ya mwisho bila kuhakikiwa kwa njia inayotegemewa. Tume iliyofuata, chini ya Judith Beaman, ilitoa ripoti mwaka 2018 na kubainisha mashauri 56 ambayo vipimo hivyo vilichangia kwa uzito kuvunjwa kwa familia. Miaka yote ile mahakama zilipokea namba kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali kubwa, na ni wachache waliothubutu kuomba kuona namba ile ilipatikana vipi. Mama maskini angemlipa nani ahoji? Basi amri ya mahakama ya kuleta majibu ya kipimo ilete pia njia iliyotumika na kama kulikuwa na kipimo cha kuhakiki. Na mzazi asiye na uwezo, gharama ya mtaalamu wa kuyasoma iwe ya mahakama.

Haraka nayo ina hatari zake. Mtoto hawezi kusubiri miaka miwili, naelewa, na Uingereza wamejiwekea wiki 26. Lakini ripoti nazo huchacha. Mwaka 2019, mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Norway ilishindwa katika shauri la Strand Lobben kwa sababu, pamoja na mengine, mamlaka zilikata uhusiano wa mama na mwanawe zikitegemea ripoti za kitaalamu za zamani, wakati maisha ya mama yalikuwa yamebadilika. Iwekwe tarehe ya mwisho ya kutumika kwa ripoti, kama inavyowekwa kwenye dawa.

Mtagundua kwamba mifano yangu mingi ni ya nchi chache. Si kwamba huko wanakosea kuliko kwingine. Huko makosa yalichunguzwa na kuchapishwa, wakati kwingine mashauri ya watoto hufungiwa kabisa kwa jina la faragha, na kosa linazikwa pamoja na jina la mtoto. Majina yanaweza kufichwa na makosa yakasomwa.

Jambo la mwisho linahusu faili linaporudi. Mahakama ikimaliza, hakuna anayetuandikia. Faili lenye maandishi "anashukiwa kuumizwa na mzazi" linabaki hivyohivyo, hata kama jaji alikuta kwamba ulikuwa ugonjwa wa mifupa. Mtoto akija tena miaka mitatu baadaye na mkono umevimba, daktari wa zamu atayasoma maneno hayo kwanza, na duru itaanza upya. Na mahakama ikikuta kwamba kweli aliumizwa, hilo nalo halijulikani hospitalini, na mtoto anaweza kurudishwa nyumbani usiku na watu wasiojua. Naomba kila amri ya mwisho iamuru nakala ya matokeo, bila maneno mengi, iletwe hospitali zilizotoa kumbukumbu, na hospitali zilazimike kuiweka ukurasa wa mbele wa faili ndani ya siku saba. Karatasi hiyo itakuja mezani kwangu, na kuipokea nitaisaini.

Wenu katika utumishi,

Mtunza kumbukumbu za wagonjwa